Maji ya Kisima

Juzi, pale Mbezi Beach wanapouza miche kando ya barabara, nimeliona tena lile ua la kiatu. Wenyewe wanaliita okidi. Muuzaji akaniambia eti nilimwagilie maji yoyote tu. Weee! Maji yoyote? Hasira ya miaka ishirini ikanipanda, utadhani aliyesimama mbele yangu ni yule jirani yetu wa zamani.

Bibi yangu alikuwa nalo moja, kule kwetu Temeke. Alipewa na tajiri yake, enzi hizo akifua nguo za watu. Lina kifuko mbele kama ncha ya kiatu, kijani chenye madoa ya kahawia. Alilipanda kwenye kopo la rangi, kwa vipande vya mkaa na makumbi ya nazi, na jua la mchana hakuliachia liliguse. Maji yake yalikuwa ya mvua tu, ya kwenye mtungi ambao sie watoto tulikatazwa hata kuuchungulia. Maji ya kisima chetu yalikuwa na chumvi, hata chai yake ilinyweka kwa kujilazimisha.

Bibi akalazwa mwezi mzima. Ua akaliacha kwa jirani, amana. Alipotoka akalikuta limechanua barazani kwa mwenzake, kwenye chungu kipya. Jirani hakuona haya: "Lako lilikufa, mama. Hili nimenunua mie." Bibi akasema malipo ni hapa hapa duniani, akaondoka zake.

Mie subira hiyo sikuwa nayo. Siku moja jirani akaniita pembeni, akaniuliza bibi alikuwa akilimwagilia maji gani. Aliyenunua lake anauliza nini? Nikampa shikamoo yenye adabu zote, nikamwambia ya kisima, asubuhi na jioni, tele. Akaniitikia marahaba na kunisifu nina akili. Wiki chache tu, majani yakakauka ncha, mizizi ikaoza, akalitupa jalalani. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Nikakimbia kumweleza bibi, nikingoja sifa. Akasema, "Lilikuwa kwa mtu, lakini lilikuwa hai."

Kesho yake akairudisha mbuzi ya nazi jikoni. Tangu atoke hospitali alikuwa akikunia nazi nje, kwenye pengo la ua wa michongoma uliotutenga na jirani, nami nikidhani anafuata upepo. Kumbe akikaa pale analiona ua lake.

Bibi hayupo tena. Michongoma imeng'olewa, pamejengwa ukuta wa matofali, na siku hizi hakuna anayekinga mvua kwa mtungi. Ila jirani yupo, kazeeka, na kila tukikutana misibani ananiuliza nitamkaribisha lini kwangu Bunju.

Lile ua nimelinunua. Nimeliweka barazani, na ndoo ya maji ya mvua iko chini ya bati. Namsubiri aje. Nitamkalisha mbele yake alitazame vizuri, nimpe na chai. Chai ya maji ya kisima.