Baiskeli ya Ishirini na Nane

Enzi za Mwingereza, nilipoanza kufundisha Masakta, nilikwenda Katesh kununua baiskeli ya kuendea kazini na ya safari za likizo. Mwenye duka alinionyesha mbili, moja ya magurudumu ya inchi ishirini na sita, nyingine ishirini na nane.

"Mwalimu, chukua hii ndogo," alisema. "Kwenye ile kubwa miguu yako haitafika chini."

Sikutaka hata kusikia! Gurudumu kubwa hupita juu ya mawe na mashimo bila kukutikisa sana, na mimi tayari nilijiona nikishuka nayo mpaka Yaeda Chini.

Nikalipia ile kubwa, nikasimama juu ya kichuguu ili niifikie, nikapanda, nikaondoka nikiimba. Mara nikamkuta mzee. Kwetu huwezi kumwamkia mzee ukiwa umekaa juu ya baiskeli, kwa hiyo niliruka chini, nikasema shikamoo, kisha nikaisukuma hadi kichuguu kingine ili nipande tena. Mbele kidogo, mzee mwingine! Siku hiyo nilisukuma zaidi kuliko nilivyoendesha, na bado nilicheka njia nzima.

Baadaye wazee wa Masakta wakisikia kengele yangu, walikwenda kunisubiri penye kichuguu.