Siku Mama Mdogo Alipodhani Ameifunga Kliniki

Mama mdogo analipwa mshahara kwa kuharibu vitu. Ndivyo baba anavyowaeleza wageni, halafu anaongeza, "Ningejua mapema kwamba kuna kazi hiyo, ningewapeleka wanangu wote, wana kipaji." Mama mdogo hucheka tu. Ukimuuliza mwenyewe atakwambia kuwa wenzake wanaandika programu za simu na kompyuta, na yeye anazijaribu. Anabonyeza pasipotakiwa, anaandika umri wa mtu miaka mia tatu, anazima simu katikati ya kazi, mpaka programu iseme basi nimechoka. Ikichoka mikononi mwake, haitamchokea mteja. Ofisini wamempa jina la Dada Vunja.

Kabla ya hapo alikuwa akiuza kava za simu kwenye kibanda cha mtu. Siku moja akasikia kuna mafunzo ya bure kwa wanawake, mambo ya simu, akaenda akidhani watafundishwa kubadilisha vioo vilivyopasuka. Kufika, anakuta kompyuta zimepangwa na mwalimu anaongea mambo ambayo hayaelewi hata kidogo. Alitaka kuondoka, ila alikuwa amekaa katikati ya mstari, aliona aibu kuwainua watu. Basi akabaki. Mpaka leo anasema maisha yake yamebadilishwa na kiti.

Shule ilipofungwa nilimwomba nikashinde naye kazini nione, kwa sababu darasani kwetu kila mtu anasema atakuwa mwandishi wa programu, lakini hakuna anayejua mtu huyo akiamka asubuhi anafanya nini hasa.

Ofisi yao iko juu ya duka la magodoro, na ngazi zote zinanuka sponji mpya. Ghorofa ya kwanza walikuwapo mafundi cherehani, sasa ipo kampuni inayotengeneza programu ya wenye malori. Ya juu kabisa ilikuwa stoo ya viti vibovu. Siku hizi wamo vijana wanaotengeneza michezo ya simu kwa wateja walio ng'ambo, na kelele zao zinashinda za mnada. Mwenye jengo, ambaye mwanzoni alikuwa akiwauliza wapangaji, "Ninyi bidhaa yenu iko wapi, mbona sioni maboksi?", sasa ameandika ukutani kwa rangi ya mafuta: VYUMBA VYA KOMPYUTA VINAPATIKANA.

Kampuni ya mama mdogo iko katikati. Kwa muda mrefu walifanya kazi za wageni vipande vipande, kitufe cha huyu, ukurasa wa yule, na jina lao halikuonekana popote. Programu ya kliniki ndiyo ya kwanza iliyo yao toka mwanzo hadi mwisho. Kazi yake ni kumkumbusha mama mwenye mtoto mchanga, kwa ujumbe wa simu, kwamba kesho ni siku ya chanjo. Jambo dogo tu. Lakini akina mama walikuwa wamezoea kusahau, na sasa walikuwa wameanza kuzoea kukumbushwa. Kliniki nyingine zilikuwa zinachungulia kuona kama itafaa.

Programu yenyewe ipo mara mbili. Upo mfumo wa kweli, wenye akina mama wa kweli na namba zao, na ipo nakala ya majaribio yenye wagonjwa wa kubuni, ambayo mama mdogo anaitesa atakavyo. Kwa sura ni mapacha, na ukurasa wa kutuma ujumbe hauonyeshi majina ya wagonjwa. Ili wasichanganywe, nakala ina utepe wa kijani juu ya skrini, na mfumo wa kweli una utepe mwekundu.

Asubuhi ile mama mdogo alikuwa na kurasa zote mbili wazi mbele yake, na alitaka kujaribu kwa mara ya kwanza kitufe kipya cha kutuma ujumbe kwa wote kwa mpigo. Akaandika ujumbe wa utani, kama wafanyavyo wote pale, maana ukishinda unaandika "jaribio, jaribio" unaweza kusinzia. Akaandika: "Kesho usije kliniki, daktari ameoa tena." Akaangalia juu, akaona kijani. Akabonyeza. Skrini ikajibu: Ujumbe wote umetumwa.

"Umeona ilivyo na mbio?" akaniambia kwa furaha, akaufunga ukurasa ule. Kisha akautazama uliobaki, na nikaona uso wake unabadilika polepole, kama mtu aliyesikia bomba linavuja.

"Rangi," akaita. Rangi ni kijana anayeshughulikia sura za programu. "Mbona huku nako kuna kijani?"

"Mfumo wa kweli? Kliniki walisema nyekundu inawatisha wagonjwa wakiiona. Nikawabadilishia jana."

"Ukamwambia nani?"

"Niliandika kwenye kundi."

"Kundi lipi? Hili la picha za paka?"

Sasa kijani kilikuwa kwenye kurasa zote mbili, na mama mdogo hakujua ule aliokwisha kuufunga ulikuwa upi.

Bosi wao ni kijana mrefu wanayemwita Kaptura, kwa sababu mvua inyeshe, jua liwake, yeye na kaptura. Alikuja mbio, akavuta kiti aangalie, na palepale umeme ukakatika. Jenereta iliwashwa ikanguruma, taa zikarudi, ila kisanduku cha intaneti kilikuwa kinapepesa tu vitaa vyake kama mtu aliyeulizwa swali gumu. Na mfumo wa kweli, kwa usalama wa siri za wagonjwa, haufunguki, wala nakala yake, kwa njia nyingine yoyote zaidi ya laini ya pale ofisini na ile ya kliniki. Kaptura akapiga simu kliniki. Ikaita, ikaita, hakuna aliyepokea.

"Dada, tulia kwanza," alisema. "Hatujui bado."

"Nitulie vipi? Mtu na mtoto wake mchanga anasoma kwamba asije, anakaa nyumbani. Mtoto anakosa chanjo. Halafu akijua ulikuwa utani wangu mimi, ujumbe wetu mwingine atausoma tena? Wewe ungesoma?"

Mama mdogo akachukua kikombe chake cha chai, akakikung'uta, akakitia kwenye mkoba. Nilijua maana yake: anaacha kazi.

Simu yake ikalia. Namba ngeni.

"Ndio wameanza," akasema, akaisukuma mbali. "Huyo ni mama wa kwanza. Sipokei."

"Pokea, weka sauti wote tusikie," Kaptura akamwambia. "Tutaomba radhi wote."

Akabonyeza kwa kidole kimoja, kama anayegusa jiko.

"Haloo! Wewe mtoto wewe! Simu yangu umeifanya nini?"

Alikuwa bibi yangu, mama yake.

"Mama? Hiyo namba ya nani?"

"Ya jirani! Yangu haishikiki, inatetemeka kama ina homa. Imetembea yenyewe juu ya meza mpaka ikaangukia kapu la vitunguu!"

"Mama, nakuomba, nina matatizo hapa, nitakupi—"

"Na mimi je, sina matatizo? Nataka unijibu. Daktari gani huyo ameoa tena?"

Mama mdogo akainama karibu na simu.

"Mama, nisomee. Kama ulivyoandikwa, toka mwanzo."

"Miwani sijui nimeiweka wapi. Jirani, hebu msomee huyu."

Sauti nyingine ikakohoa, ikaanza kwa heshima kama inasoma tangazo: "'Mpendwa Mama Kijiko, kesho usije kliniki, daktari ameoa tena.' Unafuata: 'Mpendwa Mama Sufuria, kesho usije kliniki...' Huu hapa wa Mama Chujio. Ni mwingi, dada yangu, niendelee?"

"Nimezaa watoto wanne," bibi akadakia, "hakuna hata mmoja aliyeitwa Kijiko!"

Mama mdogo alikaa chini sakafuni, pale pale alipokuwa, akaanza kucheka na machozi yanamtoka. Kijiko, Sufuria na Chujio walikuwa wagonjwa wake wa kubuni. Alipowatunga, programu ilikataa kumpokea mgonjwa asiye na namba ya simu, naye akawaandikia wote namba moja, ile pekee aliyoijua kwa kichwa, ya mama yake, kisha akasahau kwamba aliitumia. Kwa hiyo ujumbe ulitoka kwenye nakala. Hakuna mama wa kweli hata mmoja aliyeupata.

"Unacheka nini sasa?" bibi akauliza.

"Sicheki, Mama. Nakupenda sana."

"Mh! Haya. Na mke wa kwanza anasemaje?"

Kaptura aliweka paji la uso juu ya meza, mabega yakawa yanapanda na kushuka kwa kicheko. Rangi alimkumbatia mtu aliyekuwa karibu naye, na mtu huyo alikuwa mimi. Intaneti iliporudi walihakikisha: kutoka mfumo wa kweli hakikuwa kimetoka kitu. Nilidhani hapo sasa Kaptura atafoka. Akamwambia tu, "Dada Vunja, leo ulitaka kutuvunja sisi," akaenda mwenyewe kuutoa ule mkoba chini ya meza na kukirudisha kikombe mahali pake.

Hawakwenda kula mpaka nakala ilipopakwa zambarau inayoumiza macho, na neno JARIBIO limelazwa katikati kubwa kama bango la duka. Utani wote ukafutwa. Jioni ilipofika wakati wa kutuma ujumbe wa kweli, mama mdogo aliusoma kwa sauti, Rangi akausoma, Kaptura akausoma, mimi nikausoma. Ndipo akabonyeza.

Kesho yake, kabla ya kwenda ofisini, alinipitisha kliniki. Hakuwa na kazi pale. Alitaka tu kuona. Benchi lilikuwa limejaa, na waliokosa nafasi walisimama ukutani wakibembeleza watoto. Muuguzi alikuwa akiita, mama mmoja anaingia, mwingine anatoka na mtoto anayelia kwa hasira. Mama mdogo alivuta pumzi ndefu, akaitoa yote.

"Nanyi mmeletewa ule ujumbe wa simu?" akamuuliza mwanamke aliyekuwa karibu naye.

"Nimeletewa!" mwanamke alisema kwa kero. "Huyo anayetuma mwambieni atume mapema kidogo. Mlio wake umeniamshia mtoto nikiwa ndio kwanza nimemlaza. Nimembembeleza upya nusu ya jioni."

Mama mdogo alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Asante sana, mama," alisema. "Asante. Nitawaambia leo hii hii."

Mwanamke akanitazama mimi, akitaka kujua kama huyu niliyeongozana naye yuko sawa.