Pilipili za Brazili za Bi Ianthe

Kwa miaka mingi Bi Ianthe Thorsen wa Frederiksted ameuza achari ya pilipili yenye asili ya kila mahali isipokuwa Frederiksted. Karatasi ya chupa inatangaza siki ya Uingereza, manjano ya Bara Hindi na pilipili za Brazili. Hapa kisiwani St. Croix chakula kisichopanda meli hakina hadhi: embe lililoanguka mlangoni ni embe tu, la kopo ni karamu. Na Bi Ianthe ni mtu wa hadhi. Kanisani hukaa mbele.

Kisha duka moja la Florida likataka achari yake kila mwezi, mradi iingie bila ushuru. Sheria inaruhusu: kilichotengenezwa kisiwani huingia bara, yaani Florida na kwingineko, bure, ila vitu vya kigeni visimeze sehemu kubwa ya thamani yake. Jiko la Bi Ianthe lilikuwa limeezekwa turubai tangu kimbunga king'oe paa lake. Alikubali papo hapo.

Asubuhi ya kuipeleka nilikuwa kwenye foleni ya forodha, nyuma yake na nyuma ya mpinzani wake, Bi Eulalie Hendricks, naye wa jiko la turubai na mzigo wa kwenda bara, muuza biskuti za “siagi halisi ya Uholanzi”.

Afisa, kijana mgeni kutoka bara, akainua chupa. “Hii imetengenezwa wapi?”

Bi Ianthe akamtazama kama anayetazama ukuta.

“Mama, nimeuliza...”

“Habari za asubuhi, mwanangu.”

Foleni nzima ikaguna kuunga mkono. Kijana akaiva masikio kwa aibu. “Habari za asubuhi, mama.”

“Njema. Imetengenezwa jikoni kwangu.”

Kijana akasoma karatasi ya chupa. “Uingereza, Bara Hindi, Brazili. Sasa cha hapa ni kipi? Maji?”

Bi Ianthe akainama, akanong'ona.

“Sijasikia, mama.”

Akanong'ona tena.

“Pilipili zinatoka nyuma ya banda la nguruwe?” aliuliza kijana, kwa sauti ya mtu anayependa kuhakikisha. “Na siki ni ya miwa ya shambani kwako? Mbona umeandika Brazili?”

“Zina sura ya huko.”

Bi Eulalie alicheka mpaka akashika ukuta. “Wee Ianthe! Miaka yote hiyo unatulisha banda la nguruwe!”

“Na vidole ukavilamba.”

Kijana akampa kalamu. Bi Ianthe akazifuta Uingereza na Brazili chupa moja baada ya nyingine, taratibu, kama anayezika ndugu. Msamaha wa ushuru akaupata. Lakini hakuondoka.

“Anayefuata. Siagi hii ni ya wapi?”

“Sema kwa sauti, dada,” alisema Bi Ianthe. “Tupo.”

Bi Eulalie akaitazama foleni, akautazama mkoba wake.

“Uholanzi,” alisema. “Kabisa.”

Akalipa ushuru, na hulipa hadi leo kwa kila katoni. Jiko la Bi Ianthe sasa lina mabati mapya. La Bi Eulalie bado lina turubai, na ng'ombe wake wa siagi hufungwa nyuma ya kanisa la Moraviani, ambako watoto wote humwita Mholanzi.