Jiwe Lililokataa Maji

Harufu ya vanishi inanitia kichefuchefu mpaka leo. Sisemi mzaha. Nikipita mahali mafundi wanapaka mawe ya ukutani, najiziba pua kwa mtandio na kuongeza mwendo. Wapo wanaoipenda, eti ni harufu ya nyumba mpya. Haya, waipende. Kwangu ni harufu ya Titye, kijijini kwetu, mwaka 2013, mvua za kwanza zilipokuwa zinaanza na mimi nikiwa darasa la tano, na ni harufu ya kaburi la babu yangu liking'aa kama kikaango kilichojaa mafuta.

Babu alikuwa mpasua mawe. Aliyatoa korongoni, chini ya shamba letu la mihogo, mawe mekundu ya mchanga yenye vitundu vidogo vidogo, na kabla hajafa alikuwa amepanga kumi na manne yaliyo bapa nyuma ya jiko, akasema hayo ni yake, mtu asije akayajengea choo. Alipofariki tukamfunika kwa mawe hayo, pembeni ya migomba. Bibi, ambaye ndiye aliyenilea, akaanza desturi yake. Kila asubuhi, kabla hajaonja chochote, alikwenda pale na kikombe cha bati, akasema, “Mwakeye, mzee,” ndiyo salamu ya asubuhi ya Kiha, kisha akamwaga nusu ya maji juu ya jiwe la katikati. Jiwe lile lilikuwa na kiu, jamani! Maji yalizama hujamaliza kuhesabu tatu, likabaki doa jeusi. Bibi akasema, “Kanywa,” akamalizia nusu yake, ndipo siku ikaanza. Msidhani alikuwa mtu wa kulialia. Alimsimulia marehemu umbea wa kijiji kizima, nani kaoa, mbuzi wa nani kaingia shamba la nani. Akiwa amekasirika alimwambia, “Leo hupati,” akanywa maji yote mwenyewe, halafu hata mlangoni hajafika anarudi na kikombe kingine.

Wiki ya kumbukumbu ya mwaka mmoja akaja baba mdogo Filimoni, kitindamimba wa Bibi. Alikuwa fundi Kibondo, kazi yake kubandika mawe ya urembo kwenye nyumba za watu wenye uwezo na kuyapaka vanishi yasiingie maji. Alikuja na madebe mawili ya hiyo takataka, brashi, na chupa ya thina. Akalitazama kaburi lenye ukungu wa kijani, akasonya. “Wageni watasema tumemtupa mzee.” Bibi hakuwepo, alikuwa amekwenda Kabanga siku mbili kumwona shangazi aliyejifungua. Kabla ya kuondoka alinipa kile kikombe cha bati mkononi, akaniambia, “Wewe ndiye nakuachia. Mzee asikae na kiu.” Nikajibu ndiyo, Bibi, kwa sauti ya mtu mzima kabisa.

Asubuhi iliyofuata tulisugua mawe kwa brashi ya waya na sabuni ya unga. Mchana baba mdogo akayagusa kwa kiganja, akasema yamekauka. Yalikuwa yamekauka juu tu, ndani yamejaa maji, na fundi mzima wa Kibondo alipaswa kujua hilo. Nilimwambia, tena nilimwambia mara moja tu, “Baba mdogo, Bibi humwagia maji hapa.” Akacheka. “Ndiyo maana lina ukungu.” Kisha akanipa brashi, akaniita fundi mwenzake, na mimi mpumbavu nikavimba kichwa. Jiwe la katikati nililipaka mimi, kwa mkono huu ninaoandikia. Mpako wa kwanza wa vanishi ulizama wote, kama yalivyokuwa yanazama maji ya Bibi. Wa pili ukazama nusu. Wa tatu ukabaki juu, mzito, rangi ya makamasi ya mtoto mwenye mafua. “Limeshiba,” alisema baba mdogo, nami nikacheka naye.

Jioni ikanyesha mvua fupi, jua likachungulia, kumbikumbi wakatoka. Siku nyingine tungeshangilia, maana kwetu kumbikumbi wa kukaanga ni kitoweo. Siku hiyo walifuata ule mng'ao, wakatua kaburini kwa maelfu, wakanasa. Nilisimama nikawatazama wakijikokota kwa tumbo, wakivunjika mbawa, wengine wakizama wazima wazima kwenye ule ute. Kuku wakaja kudonoa, wakaondoka na nyuzi za vanishi midomoni. Kulipokucha mawe yalikuwa yamepauka meupe, unyevu wa ndani umesukuma vanishi juu, yametoka malengelenge, na ukibonyeza lengelenge linatoa maji yananuka kama kidonda kilichofungwa muda mrefu. Nilitapika kwenye migomba. Na kile kikombe cha bati nilikuwa nimekiacha kichwani pa kaburi, kimejaa mbawa.

Bibi alirudi siku hiyo saa nne. Hakumsalimu mtu. Alikiokota kikombe, akakisuuza, akachota maji, akaenda. “Mwakeye, mzee.” Akamwaga. Maji hayakuzama. Yalijikusanya matone matone, yakateleza pamoja na mbawa na miguu ya kumbikumbi, yakamwagikia vidole vyake. Akamwaga tena, yakamrudia tena.

“Amekataa,” alisema.

“Mama, hiyo ndiyo kazi ya vanishi,” baba mdogo akaeleza, bado ana fahari. “Sasa maji hayaingii. Ukungu hauoti tena.”

“Ukungu ulikuwa wangu. Nani kakwambia unanikera?” Kisha akanigeukia mimi. Nilitamani anichape. Aliniuliza tu, “Alikunywa jana?” Nikatikisa kichwa. Majuto ni mjukuu, wanasema, na mjukuu mwenyewe nilikuwa mimi, vidole vinanata.

Baba mdogo alijaribu kuibandua vanishi kwa thina na brashi ya waya. Ikalainika, ikavutika, ikajipaka upya kwenye vitundu, na kaburi likawa na madoa kama ngozi yenye upele. Wageni walikuja, wakala wali na maharage, harufu ya thina ikiwapanda puani, na bado wakasifu. “Limependeza! Kama la mjini!” Kila aliyesifu nilimchukia. Hata mate yangu yalikuwa na ladha ya vanishi. Toka siku hiyo Bibi hakwenda tena kaburini asubuhi. Alikaa kizingitini, akanywa kikombe kizima, umbea wake wote akabaki nao mwenyewe. Baba mdogo aliomba radhi mpaka akachoka. Mimi sikuomba, kwa sababu sikujua pa kuanzia.

Siku hizi ukienda Kasulu mjini au Buhigwe utakuta kuta za mawe zinang'aa barabara nzima. Wenyewe wanaita maendeleo, nami nakubali, nyumba isiyoingia maji ni nyumba nzuri. Lakini fundi aliyejenga baraza langu aliponiuliza, “Dada, tupige vanishi?” nilimfokea mpaka akashuka ngazi. Bibi naye alishatangulia. Aliacha wosia wa neno moja, “Msinipake,” na mawe yake yako tupu karibu na ya Babu, yana ukungu mzuri wa kijani. Kila nikienda Titye nalimwagia maji jiwe lake la katikati, linakunywa upesi kama la Babu zamani.

La Babu nalifanyia kazi nyingine. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, basi napiga magoti na tindo lake mwenyewe, lile alilopasulia mawe, nachokonoa lile jiwe la katikati, kitundu kimoja kimoja. Vanishi inatoka imekauka, ya njano, kama kucha za mzee, na bado inanuka, kenge ile. Miaka yote hiyo nimefungua sehemu isiyozidi kiganja changu, na kila mara nikijaribu maji yaliteleza. Mwezi uliopita nilimwaga kifuniko kimoja cha chupa, nikahesabu. Nilipofika arobaini, yalikuwa yamezama.

Nikamgeukia Bibi nikamwambia, “Kanywa.”