Kisima cha Mama na Mtihani Mpya wa Mabaharia

Cheti changu cha kwanza cha ubaharia nilikipata kwa kujisomea. Vitabu vikuukuu vya uongozaji wa meli nilivinunua bandarini, nikavisoma kila nilipotoka zamu. Mtahini aliniuliza mengi, ila hakuniuliza kama najua kuogelea. Sikujua. Nimezaliwa Newala, kwenye uwanda wa juu, ambako maji hupandishwa kutoka bondeni au ya mvua huvunwa kutoka bati la paa.

Kisha meli za shirika letu zikaanza kuuzwa kwa watu binafsi, na mitihani ikabadilishwa ilingane na kanuni za kimataifa. Sisi wenye vyeti vya zamani tulitakiwa kutahiniwa upya. Nilipitia muhtasari mpya kwa utaratibu: rada, zimamoto, huduma ya kwanza. Vyote vilisomeka, isipokuwa sehemu moja: kuruka majini kutoka juu, kisha kuelea bila jaketi la kujiokolea. Asiyeweza hapati cheti, na wenye meli wapya hawakutaka kumwona mtu asiye na cheti.

Nilirudi nyumbani likizo wakati wa mvua. Nilifikiria mto Ruvuma, nikakumbuka mamba. Yakabaki maji ya mama: kisima cha saruji cha kukingia mvua alichokichimbisha uani, kilichojaa kupita kimo changu. Ndiyo maji yetu ya kunywa mpaka mvua nyingine. Nilizunguka siku kadhaa kabla ya kumwambia kwamba nataka kujifunzia humo kuelea.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kupepeta mahindi.

"Oga kwanza," alisema. "Kwa sabuni. Maji tutayachemsha."

Nilijifunga kamba kiunoni. Ncha ya pili aliishika yeye, mwanamke mwembamba aliyekwisha kuzeeka.

"Mama, nikizama utaweza kunivuta?"

"Siwezi. Kwa hiyo usizame."

Akaizungusha kamba kwenye mkorosho, nami nikateremka kwa ngazi ya miti. Ndani kulikuwa na giza na baridi, na pumzi yangu ilirudi kutoka ukutani kama ya mtu mwingine. Siku ya kwanza sikuiachia ngazi. Jirani mmoja alikuja na ndoo yake kuchota, akachungulia.

"Mama, maji yako leo yana baharia?"

"Yanaye. Rudi jioni."

Jirani akaniinamia mle ndani. "Baharia, bahari yote ile umeipita, unaogopa mtungi wa mama yako?"

Nilimjibu ndiyo. Alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo.

Nilichojifunza kilikuwa kimoja tu: kulala chali, kulegeza shingo, na kukazia macho mraba wa mwanga wa mlango wa kisima, ambamo uso wa mama ulikuwa unanitazama. Nikiupoteza mraba ule, miguu ilizama na maji yakaingia puani. Nikiuona, nilielea. Nilifanya hivyo kila asubuhi hadi likizo ilipokwisha.

Mtihani ulifanyika Dar es Salaam, kwenye bwawa lililo wazi. Niliruka, nikaibuka, nikavua jaketi kama tulivyoagizwa, nikalala chali. Juu yangu palikuwa na anga tupu, nyeupe, isiyo na kingo. Hapakuwa na mraba. Miguu ikaanza kushuka, na nilijua kabisa kinachofuata. Nilipiga mikono, nikameza maji, nikasikia mtu akicheka au akipiga kelele.

Mtahini aliinama ukingoni. "Wewe! Unaelea au unazama?"

Kichwa chake kilikata kipande cha anga. Nikakikazia macho, nikalegeza shingo. Alibaki pale akisubiri jibu, nami nikabaki juu ya maji mpaka filimbi ilipopigwa.

Nilipopeleka cheti nyumbani, mama hakukitazama sana.

"Utaingia tena kisimani?"

"Hapana, mama."

Alikwenda ndani, akatoka na kufuli, akafunga mfuniko wa kisima, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la khanga. Alirudia fundo mara kadhaa, kila mara akilivuta kuhakikisha halifunguki.