Fundi Burhani Chini ya Gari la Thierry

Burhani hajawahi kulisifu gari la mtu. Miaka yote aliyonyoosha bodi za magari pale Malvern, Johannesburg, nyuma ya Mtaa wa Jules, hakuna aliyetoka kwake na neno tamu. Mpelekee gari lililotoka kupigwa rangi jana: atalizunguka mikono nyuma, atasonya, kisha atakuuliza, "Nani kakudanganya?" Mtu wa Ngamiani huyo, Tanga, na ulimi kaja nao. Mwaka 2008, wageni waliposhambuliwa, aliukimbia mtaa wa Alexandra na begi la nyundo tu, na tangu hapo haoni sababu ya kumbembeleza mtu.

Waliomchefua kuliko wote ni watu wa magari ya zamani yenye injini kubwa, yale ya milango miwili yanayonguruma hata yakiwa yamesimama. Aliwadharau wazee matajiri wa Sandton wanaosugua magurudumu kwa mswaki wa meno, na akawadharau zaidi wa huku kwetu wanaowaiga.

Sasa Mansour. Mansour ni mume wa Saida, na sijui nimtambulishe vipi vingine, maana kazi yake hakuna aijuaye. Saida ndiye mwenye spaza, duka dogo la mtaani, la mchele, dagaa, nazi na unga wa muhogo, wanakonunua Watanzania na Wakongo wa Malvern nzima. Aliianza kwa meza moja kando ya barabara, akila baridi ya Juni na binti yao Nusaiba mgongoni. Mumewe hukaa mbele ya duka, kofia kichwani, akipokea salamu.

Basi Mansour huyo kaenda kuona Chevrolet ya mwaka sabini na tatu kwa Thierry, Mkongo wa Lubumbashi anayeuza magari yaliyofufuliwa. Jekundu, mistari myeusi, injini ya silinda nane ya kutikisa madirisha ya jirani. Thierry hakutaka pesa, alitaka duka: gari kwa spaza, kubadilishana. Mansour akamwimbia mkewe wiki nzima kwamba gari halisi la namna ile ni adimu, matajiri wa Sandton watalipigania, wao watauza na kurudi Tanga kujenga. Saida alikuwa amechoka na Johannesburg, jamani, tumwonee huruma. Akasema, "Duka liko kwa jina langu. Nitatia sahihi, lakini kwanza Burhani aniambie kama ni halisi."

Wakaenda Jumamosi asubuhi, watatu. Burhani alianza kudharau kabla hajavuka geti. Gari lenyewe lilikuwa limepandishwa juu ya jeki nne katikati ya yadi, linang'aa mpaka linaudhi.

"Papa, angalia yote," Thierry akamkaribisha. "Hii iko ya origine, bien bien. Hata vis moja, skrubu, hatukugusa."

"Hamkugusa? Na rangi imekuja yenyewe?"

Burhani akatoa sumaku mfukoni. Kwenye boneti ikang'ang'ania. Akaiweka ubavuni, nyuma ya mlango, ikateleza ikaanguka chini. Akaiokota, akairudisha palepale, ikaanguka tena. "Hapa hakuna bati, hii ni puti. Mmeipaka kama keki ya harusi." Akainama kwenye kibati cha namba ya chesisi, akacheka kwa pua. "Gari lina miaka hamsini, ribiti hizi zilizokishika hazina hata mwezi. Haya, endeleeni kutuita wajinga."

"Eish, mzee huyu!" Thierry akacheka, kicheko cha mtu ambaye duka keshalihesabu lake. Akamshika Mansour mkono wakaenda ofisini kunywa soda.

Burhani akatandika boksi, akajisukuma chini ya gari. Akakwangua kidogo, halafu akaita.

"Shemeji, njoo uone."

"Mimi nitajua nini, kaka Burhani?"

"Hakuna la kujua. Una macho, njoo."

Saida akakusanya buibui lake, akalala upande wa pili, akajivuta mpaka ndani. Burhani akamulika kwa simu. Chini ya viti vya mbele ulipita mshono wa kuchomelea, kutoka ubavu huu hadi ule, mnene, umefunikwa lami nyeusi ambayo Burhani alikuwa ameikwangua.

"Kiwandani hawaungi hivi. Huu ni mkono wa mtu, tena mwenye haraka. Mbele ni gari moja, nyuma ni lingine, wamekata wakaunga. Funga breki kwenye roboti, taa zikiwa nyekundu, uone: wewe utasimama, viti vya nyuma vitakupita."

Saida akaupitisha kidole ule mshono, taratibu, mwanzo hadi mwisho. Mara viatu vya Mansour vikaja, vikasimama miguuni kwa Burhani. Mansour akachuchumaa, akanong'ona.

"Kaka, umeuona?"

"Nimeuona nini?"

"Mshono. Aa, mimi naujua, Thierry kanionyesha siku ya kwanza. Sikiliza. Kwani nani anauza gari? Tanga gani? Nataka na mimi nipite Mtaa wa Jules, watu wageuke. Mshono uko chini, nani atalala chini aangalie? Wewe mwambie Saida ni halisi, neno lako analiamini. Kwani yuko wapi, kaenda msalani?"

Kwa mara ya kwanza Burhani alitamani angekuwa amekosea kuhusu gari. Aliona haya kumtazama yule mwanamke aliyelala kando yake.

Saida akatokea upande wa pili, buibui zima vumbi na grisi, akazunguka mbele ya gari hadi alipo mumewe. Mansour akainuka, rangi imemtoka.

"Mama Nusaiba..."

"Uliuliza nani atalala chini," Saida akasema. "Nimelala mimi."

Hapo Thierry akatoka ofisini akitabasamu, mkataba mkono huu, kalamu mkono ule. "Mama, sahihi njo hapa chini."

Saida akaupokea ule mkataba. Akajifuta nao grisi ya mikononi kwa utaratibu, kidole kimoja kimoja, akaukunja, akamrudishia Thierry.