Goti Lisilotikisika

Wiki jana, katika kliniki moja ya Njiru, daktari alimgonga mwanangu gotini kwa nyundo ndogo ya mpira, na mguu ukaruka wenyewe. Mtoto alicheka. Mimi niligeuka nikatazama dirishani.

Nilikuwa na umri kama wake nilipoandamana na Baba hospitalini, Makadara. Chumba kilinuka spiriti, na huko nje fundi wa mabati alikuwa akigonga bila kupumzika. Daktari alimgonga Baba goti la kulia, kisha la kushoto, kisha akarudia. Miguu ilining'inia tu.

"Miguu imekufa ganzi tangu lini, mzee?" daktari aliuliza.

"Kitambo," Baba alijibu, akaanza kuvaa soksi polepole.

Mimi niliona ameshinda. Baba alifanya kazi kwenye karakana ya reli. Nyundo ndogo vile ingemfanya nini? Tulipofika nyumbani nilichukua mwiko, nikawaita watoto wa majirani.

"Kujeni muone! Baba yangu hata umgonge aje, hatingisiki!"

Nikamgonga mbele yao. Baba alicheka pamoja nasi, akanyoosha mguu wa pili. "Gonga na huu, mama," aliniambia, kama alivyozoea kuniita mimi bintiye.

Mama aliinuka ghafla akaingia jikoni. Nilidhani ugali unaungua.

Sasa najua ugonjwa wa sukari ulikuwa umeharibu neva za miguu yake. Nami niliurudia mchezo ule jioni nyingi, hadi alipokatwa mguu wa kushoto. Hakuna siku aliyoniambia niache.